Mkwe Aliyevaa Helmeti

Kazi yangu ni kurekebisha mizani ya wanunuzi wa mahindi, Kitale mjini na katika vituo vya pembeni. Mizani huugua kama binadamu, na nimeona kwamba ugonjwa wake karibu kila mara humfaa mwenye mizani. Kwa kuwa wagonjwa wangu wametawanyika hadi kule ambako lami haijawahi kuahidiwa, achilia mbali kufika, niliamua kununua pikipiki ya safari.

Sisemi bodaboda. Nasema lile dude refu lenye mdomo kama wa bata, kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ya alumini ubavuni, na kiti kilichoinuliwa juu kana kwamba aliyekitengeneza aliogopa nyoka. Lilipofika nyumbani kwetu Matisi, sikuliwasha. Nilikaa sebuleni nikasoma kitabu cha maelekezo kutoka jalada hadi jalada, pamoja na kurasa za onyo, ambazo ndizo nyingi. Mke wangu alipita na sufuria ya chai, akarudi na sufuria tupu, akanikuta bado kwenye sura ya matairi.

"Unaisoma hivyo," akasema, "mimi uliniuliza maswali mawili tu, ukaoa."

Majirani hawakuhitaji kitabu. Kila mmoja alijua papo hapo pikipiki hiyo ni ya nini. Mwenye kinyozi alisema ni ya wapima ardhi, kwa hiyo mashamba ya watu yamekwisha. Fundi cherehani aliapa kwamba ni ya misheni. Siku ya kwanza nilipoitoa kuelekea Kiminini, mama mmoja alitoka mbio kwenye ua wake, akasimama katikati ya barabara na mikono miwili juu.

"Daktari! Si ungoje! Ng'ombe yangu inataka ndume tangu asubuhi!"

Nilimweleza kwamba mimi si daktari wa mifugo na kwamba masanduku yale yamebeba mawe ya kupimia. Aliyatazama masanduku, akanitazama mimi, akasema ningemwambia tu kwamba bei imepanda.

Jumapili nilipeleka pikipiki kanisani ikaombewe, maana kwetu chombo kipya kisichoombewa kikipata pancha, lawama ni ya mwenyewe. Mchungaji aliifunika kwa maneno mazito, akakemea ajali za kutoka kaskazini, kusini na magharibi. Alipofika mashariki aliweka mkono juu ya bomba la moshi, nami nilikuwa nimefika muda huo huo. Mashariki ikaachwa bila ulinzi. Ibada ya siku hiyo ndiyo fupi zaidi ninayoikumbuka.

Nilijifunza kwa utaratibu. Kwanza lami, kisha barabara ya vumbi, kisha matope. Kitabu kinasema kwamba kwenye njia mbaya mwendeshaji asimame juu ya vikanyagio, magoti yalegee, macho yaangalie mbali. Nilifanya hivyo kando ya soko la Matisi, kwenye mashimo, nikipita polepole nimesimama wima kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

"Baba," aliniita muuza sukumawiki, "kiti imekuchoma ama ni jipu?"

"Ni kanuni," nikamjibu.

"Pole. Dada yangu alikuwa nayo, ikapona na maji ya chumvi."

Katika njia ya kwenda Endebess nilianguka mara kadhaa, kila mara kwa mwendo wa kobe. Pikipiki ya namna hiyo haikutupi, inakulaza. Unaona ardhi ikija, una muda wa kuipokea. Nilijifunza kuinua chombo kwa kukigeuzia mgongo na kusukuma kwa miguu, na nilijifunza pia kwamba hakuna mahali Trans-Nzoia palipo tupu kiasi cha mtu kuanguka bila mashahidi.

Lilibaki somo la abiria. Kitabu kinasema kwamba ukibeba mtu springi ya nyuma ikazwe kulingana na uzito wake, na abiria akumbatie kiuno cha mwendeshaji. Mke wangu alikataa kuwa kifaa cha mafunzo. Nikafunga gunia la mahindi kwenye kiti na kulizungusha mtaani. Gunia ni abiria mwema, halipigi kelele wala haliegemei upande usiotakiwa, lakini watu waliuliza kwa nini mtu anunue pikipiki ya bei ile abebe gunia moja, tena la kwenda na kurudi.

Hapo ndipo nilipokuwa, katikati ya somo la abiria, shemeji yangu wa Bungoma aliponipigia simu.

Lazima nieleze kwanza jambo la wakwe. Wazazi wangu walikuja Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati, na kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini anasalimiwa. Mke wangu ni wa Bungoma, ndani ya Kibabii, na kwao mkwe wa kiume na mama mkwe wana mpaka kati yao. Hawashikani mkono. Hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, mkwe anaupisha mwili wa mama mkwe kwa umbali wa adabu. Nilipooa niliuliza sheria hizi kwa wazee watatu tofauti, nikalinganisha majibu, na pale yalipopingana nikachukua lililo kali zaidi. Tangu hapo nimezishika bila kasoro. Nikienda kule nakula kwa shemeji. Nikimwona mama mkwe kwa mbali nageuza njia. Wakati mmoja, nikiwa na suti, niliingia kwenye shamba la miwa na kukaa humo mpaka alipopita, na alipita polepole, kwa sababu alisimama kuongea na mtu. Sijui mkwe mwingine katika eneo lile aliyezitii sheria hizi kama mimi, na nilidhani nasifiwa kwa hilo.

Sasa simu. Jicho moja la mama mkwe lilikuwa limekwisha kufunikwa na ukungu, na la pili lilikuwa likifuata. Hospitalini Bungoma walikuwa wamekuja madaktari wa macho kutoka mbali, wapasuaji, na zamu yake ilikuwa siku hiyo mchana. Siku hiyo ndiyo waliyokuwa wakifunga. Mke wangu alikuwa ametangulia jana yake kumshikia nafasi kwenye foleni. Lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha ya kung'oa, na kalvati iliyokuwa njia pekee ya kutoka kijijini ilikuwa imezolewa. Maji yalipita juu ya barabara. Bodaboda ya kwanza ilijaribu asubuhi, ikazima katikati, na mwenyewe alikuwa bado amekaa ukingoni akiimwaga maji kama birika.

"Shemeji," akasema, "ile kitu yako ya kupanda mlima si inaweza kupita? Mama akikosa leo, hakuna mwenye anajua hao watu watarudi lini. Atakuwa kipofu, bana."

Nilishuka kwa lami hadi Webuye, nikakata kuelekea Bungoma, nikapita Kibabii, nikaingia matopeni. Kwenye kalvati nilisimama, nikachunguza maji kama kitabu kinavyoagiza, nikapita nimesimama wima, magoti yamelegea. Maji yalifika juu ya buti. Chombo hakikukohoa. Kijana wa bodaboda aliyekuwa ukingoni alinipigia saluti kwa kifuniko cha plagi.

Nyumbani nilikuta baraza la watu kibarazani pa shemeji. Mama mkwe alikuwa ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa nusu, amevaa tayari. Mvua ilikuwa inarudi. Mpango wangu ulikuwa rahisi: shemeji angemwendesha mama yake kwa pikipiki yangu, nami ningefuata kwa miguu. Shemeji ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu shupavu, lakini mfupi. Alipopanda, miguu yake ilining'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Pikipiki ilifikiri kidogo, kisha ikamlaza taratibu juu ya mihogo.

"Imeniangusha ikiwa imesimama!" alilia kutoka chini.

"Hufanya hivyo," nikasema.

Kijana wa bodaboda angeweza kuiendesha, lakini mama mkwe alikuwa amewahi kutupwa na bodaboda kwenye mtaro na alikuwa ameapa mbele ya kanisa lote kwamba vijana wale wasahau. Kwa hiyo aliyebaki ni mimi, na mimi ndiye mtu mmoja duniani ambaye hakuruhusiwa. Nilisema hivyo, kwa heshima. Nilieleza kwamba kitabu kinamtaka abiria anikumbatie kiuno, na kwamba mila inakataza hata kivuli. Mama mmoja jirani alisema kwamba jicho halijui mila. Mwingine akasema aibu nayo haijui jicho.

Ndipo alipoinuka baba mdogo wa mke wangu. Alifanya kazi Webuye, kiwanda cha karatasi, hadi alipostaafu, na huko alikuwa mtetezi wa wafanyakazi. Tangu astaafu hajawahi kupata mkutano wa kumtosha. Alifunga koti lake vizuri.

"Tuelewane polepole," akasema. "Mkwe ni nini? Mkwe ni uso. Mkwe ni mkono. Mkwe ni sauti. Ama nadanganya?"

"Hudanganyi," watu wakajibu.

"Huyu akivaa hiyo kofia na afunge kioo, uso iko wapi?"

"Haiko."

"Mkono?"

"Iko ndani ya gravu."

"Na hii koti." Akanigonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, pale penye bamba gumu la kukinga uti wa mgongo. Palilia kama mlango. "Mmesikia? Hiyo ni mwili ya mtu? Hiyo ni ukuta. Na akinyamaza, sauti iko?"

"Haiko!"

"Basi mkwe hayuko hapa. Mkwe amebaki Kitare. Huyu ni dereva."

"Na wakianguka?" aliuliza yule jirani.

Mzee alifikiri. "Wakianguka ndio atakuwa mkwe."

Hukumu ikapita. Nilimvuta shemeji kando.

"Kuna jambo la springi. Nahitaji uzito wa mama."

"Ati?"

"Uzito. Springi ya nyuma hukazwa kufuatana na uzito wa abiria."

"Shemeji, unataka mimi niingie hapo ndani niulize mama yangu ako na kilo ngapi?"

"Kadiria tu. Nipe kwa magunia."

Aliangalia mlango wa mama yake, akashusha sauti. "Gunia moja. Na debe."

"Debe moja au mawili?"

"Shemeji!"

Nilikaza kwa gunia na debe moja na nusu. Nikavaa helmeti, nikashusha kioo, nikakoma kuwa mkwe.

Mama mkwe alitoka. Alikuwa amevaa suruali ya mwanawe ya kufundishia chini ya rinda la kanisa, na leso mbili zimefungwa kifuani. Shemeji alimvisha helmeti ya akiba juu ya kitambaa cha kichwa, akamletea kiti cha jikoni, na watu watatu wakampandisha. Nilitazama mbele. Nilihisi springi ikishuka, nikaona kwamba debe moja lingetosha. Kisha mikono miwili ikanikamata kiuno kwa nguvu ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote.

"Wewe kijana," akasema, "enda pole."

Nina mvi nyingi kuliko mwanawe. Nikatikisa helmeti.

Njia ilikuwa sabuni. Gurudumu la nyuma lilikuwa na mawazo yake, nami nilikuwa nikilibembeleza kwa klachi, na kwa kuwa sikuruhusiwa kusema, nilitoa maagizo kwa ishara ya mkono ambayo yeye, kwa macho yale, hakuweza kuiona. Alipozoea mtikisiko, alianza kuongea.

"Umeoa?"

Nikatikisa helmeti.

"Bibi yako ako na mama?"

Nikatikisa tena kukubali.

"Na unamsalimia?"

Helmeti ikabaki mahali pake.

"Mimi niko na mkwe huko Kitale," akasema. "Mtu ya mizani. Mtu mzuri, siwezi danganya. Mabati ya hiyo nyumba ni yeye. Sukari inakuja. Lakini ananitoroka kama mimi ni polisi! Siku moja ameingia kwa miwa na suti, akachuchumaa huko, anafikiri simwoni. Nikamwona, hata na hii jicho mbaya. Nikasimama nikaongea na mama wa maziwa, nikasema ngoja nione huyu atachoka saa ngapi."

Tulipita shimo. Aliguna, akaendelea.

"Hawa wakwe wengine, hawa wa hapa hapa, sisi tunapatana sokoni, wananipatia mkono, tunacheka. Mambo ilipunguka zamani. Huyu sasa si hata mtu wa kwetu. Alienda kusoma hiyo mwiko, sijui alisoma wapi, akaisoma yote. Akaimaliza. Hakutuachia hata kidogo." Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Mimi nilikuwa nafikiri labda nanuka."

Kitabu cha maelekezo kina sura kuhusu dharura. Hakina sura kuhusu hili. Nilitazama mbali, kama inavyoshauriwa, na mbali kulikuwa na maji.

Yalikuwa yameongezeka. Upande wa pili walisimama watu wenye miavuli, kwa kuwa habari ilikuwa imevuka kabla yetu. Kupita peke yako na kupita na gunia na debe ni vitu viwili tofauti. Hilo nililijua kwa nadharia. Sikuweza kusimama juu ya vikanyagio, maana angening'inia. Nikakaa, nikaingia kwa gia ya kwanza, mkono haukuachia mafuta. Katikati gurudumu la mbele liligonga jiwe ambalo asubuhi halikuwepo. Usukani ukageuka. Nyuma ikaanza kufuata maji. Niliona, waziwazi kabisa, madaktari ambao angewakosa na yale ambayo ningemwambia mke wangu.

"Mama, shika!" nikapiga kelele.

Alishika. Nilitia guu majini, nikasukuma, nikaongeza moto, na chombo kikapanda ukingoni kwa kishindo huku watu wa miavuli wakirudi nyuma na kushangilia. Nilisimama. Injini ilikuwa ikiunguruma. Nilikuwa nimesema. Sauti ilikuwa imetoka.

"Aki wewe," akasema mama mkwe. "Hata sauti umemwiga."

Kisha akanigonga bega. "Twende. Jicho inangoja."

Kwenye lami ya Kibabii tulipata mwendo. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wamejikinga mvua langoni, na walipomwona bibi mwenye helmeti juu ya dude lile walilipuka.

"Shosho! Shosho uko juu!"

Aliachia kiuno changu ili awapungie kwa mikono yote miwili, jambo ambalo kitabu kinalikataza kwa herufi nzito.

Hospitalini mke wangu alikuwa mlangoni, amesimama mbele ya nafasi yetu kama mtu anayelinda lango la mpira. Aliona pikipiki, akaona abiria, akafunika mdomo.

"Mama! Umekuja na nani?"

"Na bodaboda."

"Bodaboda gani?"

"Huyu. Anaendesha vizuri, lakini ni kama ako na kitu kwa kiti, kila saa anataka kusimama."

Mke wangu alinitazama kupitia kioo cheusi. Nilibaki dereva. Wakamwingiza ndani, alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Walimpasua jicho lililokuwa baya zaidi, wakalifunga bandeji, wakasema wataangalia asubuhi.

Asubuhi nilirudi. Askari wa lango alikataa mtu kuingia na helmeti, kwa sababu za usalama, na hakutaka kusikia kwamba mimi nilikuwa naitaka kwa sababu hizo hizo. Nikaiacha kwake. Wodini nilisimama mwisho wa ukumbi, kwa umbali wa adabu, na muuguzi alipoanza kufungua bandeji, mwili wangu, bila kuniuliza, ulisogea nyuma ya nguzo. Nguzo za hospitali ile ni nyembamba.

Muuguzi aliinua vidole akauliza ni vingapi. Mama mkwe hakujibu swali la vidole. Alitazama dirisha. Alitazama rinda la binti yake, akalishika, akasema rangi yake si ile aliyoambiwa. Kisha akatazama ukumbi wote, polepole, kama mwenye nyumba aliyerudi kutoka safari, na akafika kwenye nguzo.

"Huyo mzee anajificha hapo nyuma ya nguzo ni nani?"

Mke wangu aligeuka. "Mama, ni mkwe wako."

"Huyo?" Akakaza jicho. "Wewe, mimi nilipatia msichana kijana. Huyu amezeeka lini?"

Wagonjwa wa vitanda vya karibu walicheka, na muuguzi akacheka, akiwa bado ameinua vidole. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nilitoka nyuma ya nguzo nikasimama wazi, mikono imeshuka, uso ukiwa mtupu kabisa. Alinitazama kwa muda mrefu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata na mkaguzi wa serikali.

"Mwambie nimemwona," akamwambia binti yake, ingawa nilikuwa nasikia vizuri. "Mwambie alete mbuzi kwa baba yako mdogo huko nyumbani, wamalize hii maneno ya mwiko, mtu anipatie mkono kama watu. Nimechoka kusalimia mgongo."

Mke wangu alinijia, macho yamejaa maji, akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Nikamuuliza mbuzi huyo awe dume au jike, wa rangi gani, apelekwe kabla ya mavuno au baada, na kama wazee wanatofautiana katika jambo hilo ni yupi nimfuate.

"Mbuzi," akasema mke wangu. "Mbuzi yoyote. Enda."